Hamjamwona, Lakini Yupo: Hotuba Kuhusu Kanchili wa Mbali na Ndimba, Funo na Minde wa Kwetu

(Hotuba iliyotolewa Tukuyu kwa kamati za maliasili za vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Rungwe. Tunaiweka yote kwa ajili ya wasiofika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, mafumu na wazee wetu, wajumbe wa kamati za maliasili, askari wa misitu mliofika, akina mama, vijana: ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuitikia wito huu katika siku ya kazi za shamba.

Leo hatutazungumzia tembo. Hatutazungumzia simba. Hao wana wasemaji wengi, wana watalii, na wakipungua kila mtu anajua. Leo tunazungumzia mnyama ambaye wengi wenu mmeishi jirani naye tangu utoto na hamjamwona hata mara moja. Hamjamwona, lakini yupo. Na kwa sababu hamjamwona, siku akiondoka hakuna atakayeshtuka. Hilo ndilo lililotukutanisha hapa.

Nianze mbali kidogo, kusini mashariki mwa Asia. Katika misitu ya Malaysia, Indonesia, Thailand na Vietnam kuna mnyama wa kwato aitwaye kanchili. Kanchili mdogo ana uzito wa kilo 2 hivi. Mnyama mzima, mama aliyekwisha kuzaa, angeenea ndani ya kikapu cha mchuma chai na nafasi ikabaki. Duniani hakuna mnyama wa kwato aliye mdogo kumshinda yeye. Hana pembe. Dume ana chonge mbili za taya la juu zinazochomoza chini ya mdomo, na kwa hizo hupigana na madume wenzake. Anacheua, lakini tumbo lake lina vyumba vitatu vinavyofanya kazi sawasawa, wakati ng'ombe ana vinne. Si swala, si paa: ni ukoo wake peke yake, ukoo wa kale sana.

Afrika tunaye mmoja tu wa ukoo huo, kanchili wa maji. Anaishi katika misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, kuanzia Sierra Leone hadi Kongo. Huyu akifukuzwa hukimbilia mtoni, akazama na kuogelea chini ya maji mpaka adui apoteze njia. Tanzania hayupo. Mtu akiwaambia amemwona Rungwe, mshukuruni, kisha mwulizeni vizuri alichokiona, kwa sababu huenda alichokiona ni cha thamani vilevile.

Wamalay na Wajava wanampenda kanchili wao. Katika hadithi zao yeye ndiye mjanja, kwetu kazi hiyo anaifanya Sungura. Wanasimulia kwamba alitaka kuvuka mto uliojaa mamba, akawaambia mfalme ameagiza wahesabiwe. Mamba wakajipanga mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Kanchili akaruka mgongo kwa mgongo, moja, mbili, tatu, huku akihesabu, mpaka ng'ambo. Mji wa Malaka unasimulia kwamba mwanzilishi wake, Parameswara, miaka 600 hivi iliyopita, alipumzika chini ya mti akaona kanchili akimpiga teke mbwa wa kuwindia mpaka mbwa akaangukia majini, naye akaamua kujenga hapohapo. Mpaka leo kanchili wamo kwenye nembo ya Malaka.

Sasa turudi nyumbani. Msitu wetu hauna kanchili, lakini kazi anayoifanya kanchili kwao, kwetu inafanywa na paa wa msituni. Ninataka mwondoke hapa mkiwajua watatu.

Wa kwanza ni ndimba. Huyu ndiye mdogo, kilo 4 hadi 6 kwa kawaida. Rangi yake ni kahawia inayoelekea kijivu. Pembe zake ni fupi mno, zimejificha kwenye manyoya ya utosi. Dume na jike huishi wawili katika eneo lao la hekta chache tu, na eneo hilo hawalihami. Shikeni neno hilo, hawalihami, tutalirudia.

Wa pili ni funo. Kilo 13 hadi 16 hivi, mwekundu, ana weusi unaoshuka katikati ya uso hadi puani.

Wa tatu ni minde, na huyu ndiye hazina yetu. Kilo 50 hadi 60. Manyoya ya kahawia iliyokoza mpaka karibu na weusi, yanang'aa, na kwenye paji la uso ana kishungi chekundu. Hutembea zaidi usiku. Anakula matunda, maua, machipukizi, na amewahi kuonekana akiwa na chura mdomoni, jambo ambalo hulitegemei kwa mnyama anayecheua. Minde yupo Tanzania peke yake. Kilimanjaro, Uluguru, Rubeho, Udzungwa na nyanda hizi zetu za juu kusini: Rungwe, Livingstone, Kitulo. Basi. Hakuna nchi nyingine. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe wanaotoweka amewekwa miongoni mwa walio hatarini.

Tahadhari moja ndogo. Mnyama mnayemwona kwenye mashamba na nyasi, mwenye masikio marefu yaliyosimama, huyo ni nsya. Nsya ni wa vichakani na maeneo ya wazi, na kwa kawaida jike lake halina pembe. Taarifa nyingi za "funo shambani" ni za nsya.

Ndugu zangu, mnyama asiyeonekana anajulikanaje kwamba yupo?

Sikilizeni yaliyotokea Vietnam. Mwaka 1910 mtaalamu wa London, Oldfield Thomas, alieleza aina ya kanchili mwenye mgongo wa rangi ya fedha, kwa kutumia vielelezo vilivyotoka karibu na Nha Trang. Baada ya hapo kimya. Mwaka 1990 akapatikana mmoja, naye alitoka mkononi mwa mwindaji. Kisha kimya tena, karibu miaka 30. Wengi wakahofia ameisha. Basi watafiti, akiwemo An Nguyen, wakafanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa tangu zamani: wakaenda kuwauliza wanakijiji na walinzi wa misitu. Wakaambiwa: ndiyo, hapa tunao kanchili wa aina mbili, na mmoja ana kijivu mgongoni. Zikafungwa kamera 3 zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Katika miezi 5 zilileta picha 275 za yule mnyama. Wakaongeza kamera 29, wakapata picha 1,881. Mwaka 2019 dunia ikatangaziwa kwamba kanchili wa mgongo wa fedha yupo. Wanakijiji hawakushangaa. Wao walikuwa wakijua siku zote.

Mnadhani hayo ni ya Vietnam tu? Kipunji alijulikanaje? Watafiti waliokuwa wakizungumza na wenyeji wa vijiji vya hapa Rungwe waliambiwa habari za nyani mwoga, wa juu mitini, anayeitwa kipunji. Wakamtafuta, wakamwona vizuri mwishoni mwa 2003. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006 ikabidi apewe jenasi yake mpya kabisa, yaani kundi lake mwenyewe katika mpangilio wa wanyama, jenasi yenye jina la Rungwe ndani yake. Mwaka huohuo wa 2003, kule Udzungwa, kamera ilipiga picha ya kwanza ya minde aliye hai porini. Minde alikuwa ameandikwa kwenye vitabu tangu 1890. Miaka 113 bila picha moja! Na wakati wote huo alikuwa akila matunda yaleyale, akinywa maji ya mito hiihii.

Kwa hiyo nawaambia wazee: mkisema mlimwona, mnaaminika. Semeni lini, wapi, alikuwa na rangi gani, alikimbilia wapi.

Sasa, kwa nini tuhangaike naye? Simameni asubuhi chini ya mkuyu unaozaa. Juu wapo mbega na kima, wanakula na kuangusha, nusu ya matunda yanadondoka yamemegwa. Chini, majani makavu yanatikisika kidogo. Ndimba anatoka, anasimama mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani, anasikiliza, anaokota tunda, anarudi kivulini. Huko kivulini atacheua. Mbegu ndogo atazitoa kwenye kinyesi mahali pengine. Kubwa na ngumu atazitema anapocheua. Tunda lililobaki chini ya mti mama huliwa na wadudu na kuoza, na mche ukiota hapo haupati mwanga. Mbegu iliyobebwa hatua chache kando ina nafasi. Ndiyo maana misitu iliyofagiliwa wanyama wake hubaki na miti mikubwa ya wazee, na huku chini aina fulani za miche hazionekani tena. Ukiutazama kutoka barabarani utasema ni mzima.

Nifike kwenye jambo lenyewe. Waya.

Panga halimmalizi minde. Bunduki haimmalizi. Kinachommaliza ni waya wa breki wa baiskeli, waya wa klachi ya bodaboda, nyuzi za chuma zinazobaki tairi likichomwa. Waya haugharimu kitu, hauhitaji risasi wala mtu wa kuusimamia, na unafanya kazi usiku na mchana, mvua na jua. Aliyeutega akiugua, akisafiri, akisahau, wenyewe unaendelea kutega.

Na waya hauchagui. Mkulima ambaye mahindi na viazi vyake vimefukuliwa na nguruwe pori anatega njia ya nguruwe. Hasira yake tunaielewa, na hasara ni ya kweli. Lakini njia ya nguruwe ndiyo njia ya minde, ndiyo njia ya funo. Anayenasa mguu anavuta, waya unakata ngozi, unazuia damu. Akifaulu kuukata anaondoka nao mguuni, na kidonda kinamwua siku za mbele mahali ambapo hakuna atakayemwona. Wengi huoza kwenye mtego kabla mwenye mtego hajarudi. Nyama hakula mtu, mbegu hakubeba mtu.

Sasa mkumbuke lile neno: hawalihami. Ndimba wawili, hekta chache, njia zilezile kila siku. Waya 5 katika eneo hilo zinatosha kulifuta. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, baada ya mimba ya takriban miezi 7. Huwezi kumvuna mnyama wa namna hiyo kwa mtego akabaki.

Je, kutega kunaruhusiwa? Hapana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza, na ndani ya hifadhi adhabu ni nzito. Lakini sheria haitoi waya msituni. Waya unatolewa kwa mikono, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Nitaueleza polepole, wajumbe wa kamati waandike.

Msiende bila askari wa misitu, au askari wa hifadhi kwa upande wa Kitulo. Kwanza kwa sababu ya kibali, pili kwa sababu mnaweza kukutana na mwenye mitego. Kundi zuri ni la watu 5 au 6. Pangeni mstari, mita 5 kati ya mtu na mtu, na penye uoto mnene mita 3. Mmoja wa pembeni ashike daftari na GPS, kile kifaa cha kuonyesha mahali mlipo, asitafute. Anayetafuta na kuandika hukosa vyote viwili.

Tafuteni wapi? Ukingo wa shamba na msitu. Vivuko vya vijito. Migongo ya vilima, maana wanyama hupenda kupita juu ya mgongo. Chini ya miti inayozaa. Na kila baada ya hatua kadhaa pigeni magoti. Ukisimama unaona majani. Ukipiga magoti, kwa urefu wa ndimba, unaona njia, mfano wa handaki dogo lililopita chini ya vichaka. Mtego umewekwa kwa ajili ya macho yaliyo chini, na hukohuko ndiko unakoonekana.

Dalili ni hizi: mti mchanga uliopinda bila sababu, vijiti vilivyochongwa ncha, fito zilizolazwa na kuwa ua mfupi wenye mwanya mmoja. Mkiona ua, ufuateni hadi mwisho wake pande zote mbili. Mtego mmoja kwenye ua haukai peke yake. Na mkimaliza, rudini kwa njia ileile. Mtashangaa mtakavyoona waya mlizozipita, kwa sababu mwanga unatoka upande mwingine.

Mmeuona mtego. Usiurukie. Mti uliopinda ukifyatuka unatoboa jicho. Simama pembeni, nje ya njia ya ule mti. Mwenzako aushike kwa mikono miwili. Wewe gusa kifyatulio kwa fimbo ndefu. Ukishanyooka, kata waya kwa koleo pale ulipofungwa kwenye mti au kwenye kigingi, ukunje, tia kwenye gunia. Kisha ng'oa kigingi, tawanya fito za ua. Kwa nini? Mkitoa waya na kuacha kigingi na ua, mtu mwenye waya mpya atautega tena kwa dakika chache. Na waya wenyewe usiutupe pembeni. Waya uliotupwa ni waya uliowekwa akiba. Utoke msituni, ufike ofisini, uhesabiwe.

Je, mkimkuta mnyama yu hai? Hapa ndipo watu wenye nia njema huua. Nyamazeni. Wote warudi nyuma isipokuwa wawili au watatu ambao askari atawachagua. Mfunikeni macho na kichwa kwa gunia safi au kanga, pua ibaki wazi, giza linamtuliza. Mmoja abane mwili, mmoja ashike miguu juu ya magoti, wa tatu akate waya. Waya uondoke mguuni kabisa. Kuukata upande wa mti tu ni kumwachia aende nao. Msimpe maji. Msipige picha naye. Hofu na mapambano makali huharibu misuli ya mnyama wa namna hii, na sumu inayotoka kwenye misuli huenda kwenye figo. Anaweza kukimbia vizuri mbele ya macho yenu na akafa saa chache baadaye. Kila dakika mnayookoa ni ya uhai wake. Mguu ukiwa umevunjika au umeoza, uamuzi ni wa askari.

Lingine, fupi lakini linarudiwa kila mwaka. Mtoto wa paa aliyelala peke yake kwenye majani hajatupwa. Mama humficha, akaenda kula, akarudi kumnyonyesha. Mtoto hulala bila kutikisika hata ukikaribia, kwa sababu usalama wake uko kwenye kutulia. Ukimbeba ukampeleka nyumbani na kumpa maziwa ya ng'ombe, ataharisha na kufa. Mwache. Usimguse. Ondoka upesi, mama hatarudi ukiwa hapo.

Na mbwa. Mbwa anayefuata wakata kuni msituni hawindi kwa amri ya mtu, anawinda kwa pua. Ndimba hana mbio za kudumu. Ujanja wake ni kuganda, kisha kuchomoka na kuingia kichakani. Kwa mbwa watatu ujanja huo hauna kazi. Mbwa abaki nyumbani siku ya kuni.

Nimalizie na daftari, maana bila daftari hakuna atakayejua kama kazi yenu imefaa.

Kila matembezi yaandikwe: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, umbali mliotembea kwa kilomita, idadi ya watu, waya zilizotolewa, na kama zina kutu au ni mpya. Andikeni na dalili za wanyama. Nyayo husomeka vizuri asubuhi baada ya mvua ndogo: kingo zikiwa kali ni za usiku huo, zikiwa zimemomonyoka ni za zamani. Wekeni rula kando ya unyayo kabla ya kupiga picha. Kinyesi msikisie ni cha nani. Kule Udzungwa wataalamu walilinganisha makadirio ya macho na vipimo vya vinasaba, wakakuta macho yanadanganya, kwa sababu vinyesi vya paa hawa vinakaribiana sana kwa ukubwa. Andikeni "kinyesi cha paa", pimeni punje kadhaa kwa rula, basi.

Siku mliyotembea mkarudi bila kuona waya hata mmoja, nayo iandikwe. Hapo ndipo daftari nyingi huharibika. Watu huandika siku za mavuno na kuruka siku tupu. Waya 10 katika kilomita 2 ni msiba. Waya 10 katika kilomita 20 ni jambo jingine kabisa. Gawanyeni waya kwa kilomita, kila mwezi, kwa kila eneo, kisha linganisheni na mwezi uliotangulia. Namba ikishuka huku umbali wa kutembea ni uleule, mitego inapungua. Ikishuka kwa sababu mmetembea kidogo, haijasema kitu.

Kila kamati itachukua daftari moja, koleo mbili na magunia pale mezani kabla ya chakula. Wenyeviti, naomba mtuachie majina ya watakaotembea na siku mnazopendelea, ili askari wa misitu wapange ratiba yao kuanzia wiki ijayo. Ndaga fijo.